Uwanja wangu Kira: pevingi, kivuli cha fenesi na nyanya (maendeleo nitaweka hapa)

Mwanakira, 11 Januari

Habari zenu wakuu. Nafungua uzi huu ili kazi yangu ya mwaka huu iwe na mashahidi, na ili mnishike mkono pale nitakapokosea.

Mwaka jana tulihamia Kira, nje kidogo ya Kampala. Kiwanja ni kile cha kawaida cha huku kwetu, futi 50 kwa 100, nyumba imekaa katikati, na pande zilizobaki ni udongo mwekundu mtupu. Mvua za Septemba hadi Novemba zilitunyoosha. Kila aliyeingia ndani alibeba ua kwenye viatu vyake, na kuta zilirukiwa matope hadi usawa wa goti. Sasa kiangazi kimeingia, nina akiba kidogo, na nataka kumaliza mambo matatu kabla ya mvua za Machi: pevingi (matofali ya zege ya kutandaza chini) mbele ya nyumba, mahali pa kukaa nyuma chini ya mti wa fenesi, na nyanya za kula nyumbani.

Fundi wa kwanza niliyemwita alivuta futi yake kutoka ukuta hadi ukuta. Akaniambia mtaa mzima wamefunika hivyo: hakuna nyasi za kufyeka, hakuna matope, hakuna nyoka. Ni kweli, nimeona kwa majirani. Lakini roho yangu inakataa. Nimekulia Hoima. Nyumbani kwetu ukitoka mlangoni unakanyaga udongo uliofagiwa, hatua kumi mbele uko kwenye migomba. Ua usio na udongo hata wa kupanda dodo (mchicha) naona kama chumba cha kupanga ambacho mwenyewe yuko njiani anakuja kukichukua.

Mbele ni mita 8 kwa 12. Mwenye uzoefu aseme.


FundiWaChini, 11 Januari

Dada, pole na hongera. Mimi natandaza pevingi Mukono na Seeta, huu mwaka wa tisa. Nianze na hesabu. Pevingi ya mstatili ya sentimita 10 kwa 20, mita moja ya mraba inakula 50. Mita zako 96 ni pevingi 4,800, ongeza za kuvunjika na za kukata pembezoni, agiza 5,000 na kidogo. Kwa gari dogo unene wa sentimita 6 unatosha. Kama lori litakuwa linaingia, weka za sentimita 8.

Pesa ya watu wengi hupotelea chini. Pevingi haibebi gari, kinachobeba ni kile ulichoshindilia chini yake. Chimba sentimita 25, udongo wote laini utoke. Weka mawe yaliyopondwa au moramu nzuri (udongo wa changarawe) sentimita 15, mwagia maji, shindilia kwa mashine mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Juu yake vumbi la mawe sentimita 3 hadi 5, ndipo upange. Fundi akikuambia ataongeza vumbi lifike sentimita 10 ili kusawazisha mabonde, mabonde hayo utayaona tena mwakani, kila tairi linapopita. Pembeni pote weka ukingo wa zege, maana bila ukingo pevingi zinatembea. Mwisho fagia mchanga laini mkavu uingie kwenye nafasi. Usikubali wajaze saruji. Saruji hupasuka, maji yakaingia kwenye ufa, na chini kukalegea bila wewe kujua.

Ukienda kununua, gonganisha mbili. Iliyoiva inalia kama chungu kizima. Changa inatoa sauti ya bubu, na kona zake zinamenyeka kwa kucha. Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake, na siku saba za mwanzo lazima linyweshwe maji. Kiangazi hiki wateja ni wengi na kuna wanaouza za wiki moja.


KabroBweyogerere, 11 Januari

Nakubaliana na fundi. Kwetu Kenya tunaziita kabro. Niongeze moja tu: pale gari linapogeukia, panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki. Mistari iliyonyooka tairi likigeuka inasukumana yote upande mmoja. Mtindo wa mfupa zinashikana.


MzeeBombo, 12 Januari

Binti yangu, nimesoma habari ya pevingi, ya moramu na ya saruji. Sijaona aliyeuliza maji yataenda wapi.

Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Shika hiyo. Mvua nzito ya alasiri, zile za Aprili zinazokuja na radi, kushusha milimita 30 si ajabu. Mita zako 96 mara 30 ni lita 2,880. Kwa jerikeni zetu za lita 20 hizo ni jerikeni 144, ndani ya saa moja. Leo udongo wako unakunywa sehemu ya maji hayo na mengine yanatembea polepole. Ukiufunika wote, karibu yote yatakimbia. Na paa la nyumba sijalihesabu.

Kiwanja chako kimeinamia upande gani? Na nani anakaa chini yako?

Nilifanya kazi jeshini miaka mingi, na kambi tulipiga mahali pengi. Jambo la kwanza lilikuwa mtaro, hema baadaye.


Mwanakira, 14 Januari

Shikamoo mzee. Swali lako limeninyima usingizi siku mbili.

Jana nilifanya jaribio. Nilichukua jerikeni tano, nikazimwaga moja baada ya nyingine karibu na geti, nikafuata maji kwa mguu. Yalipita mbele ya veranda, yakakata kona ya kusini, yakatokea kwenye tundu lililo chini ya ukuta wa mpaka. Sikuwa najua kama tundu hilo lipo. Upande wa pili anakaa mama mmoja anayeuza mboga, na ua wake wote ni matuta ya dodo na nakati (mboga ya majani). Anazivuna alfajiri anazipeleka sokoni. Maana yake jerikeni 144 zingemshukia yeye.

Nimeamua. Pevingi zitakuwa mita 5 kwa 12 tu, njia ya gari na mbele ya veranda. Mita 3 za chini, urefu wote wa mita 12, zinabaki udongo. Pevingi zitainamia huko, nyanya zitakaa huko, maji yatapita kwao kwanza. Hizo ni mita 60 za pevingi, yaani 3,000. Hata pesa imepungua, iliyobaki itaingia kwenye moramu.


MzeeBombo, 14 Januari

Marahaba. Sasa tunaongea. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda kwenye udongo. Kwa mita 5 ni sentimita 10. Pima mwenyewe kwa kamba na pimamaji kabla hawajashindilia, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atakuambia imenyooka.

Na paa usilisahau.


DadaJinja, 15 Januari

Nafuatilia. Nyanya ndizo zangu, zikifika mniite.


Mwanakira, 2 Februari

Maendeleo. Wamechimba, wameshindilia, leo wanapanga safu za mwisho. Nimempata fundi mwingine, kijana mtulivu, hakukasirika nilipokuja na kamba yangu. Mwinamo umetoka sentimita 10 kamili.

Udongo wa juu tuliouchimba, ule mweusi kiasi, fundi alitaka kuupakia kwenye lori uende. Nilisimama mbele ya toroli. Mita 60 mara sentimita 15 za juu ni mita 9 za ujazo za udongo mzuri. Zimeenda zote kwenye ile mita 3 ya chini, na nimechanganya samadi ya kuku iliyokaa miezi minne. Nina matuta manne sasa, yameinuka sentimita 20 kutoka chini.

Kuna kitu nimekiona kwa kuchelewa. Vibarua walikuwa wanaosha mabeseni na koleo za zege kwenye kona moja ya udongo huo. Maji yale meupe yamekauka, udongo umeshika kama sahani. Nilipanga kona hiyo iwe ya miche.

Mbegu nimesia jana kwenye beseni kuukuu lenye matundu: Money Maker na Roma. Ukuta wa mashariki pia kuna tuta la zamani, aliyeniuzia kiwanja alikuwa analima nakati na ntula (nyanya chungu) hapo. Udongo wake unavutia, laini kabisa. Nafikiria nyanya kadhaa zikae huko.


FundiWaChini, 2 Februari

Kona hiyo ichimbe uitoe, dada, sentimita 15 zote, ujaze udongo mwingine. Maji ya saruji yana ukali wa chokaa, mimea inageuka njano na haikui. Sisi mafundi tunatakiwa kuosha vyombo kwenye pipa. Wengi hawafanyi.


DadaJinja, 3 Februari

Sasa zimefika nyanya. Tuta la nakati usiliguse, mpenzi.

Nyanya, nakati, ntula, katunkuma (ile ndogo chungu), bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Ninaouogopa hasa ni mnyauko bakteria. Unakaa udongoni miaka, unaingilia kwenye mizizi, na mmea ulioanza kuzaa unalala mchana mmoja ukiwa bado kijani. Hauna dawa. Hapo panda mahindi au maharage, au sukuma wiki, nyanya zingoje misimu mitatu au zaidi.

Kwenye beseni lako: funika kwa nyasi kavu mpaka ziote, kisha ziondoe siku hiyo hiyo, miche isirefuke kama uzi. Ikifika wiki ya nne, ina majani manne au matano halisi na shina nene kama penseli changa, ipandikize jioni. Wiki moja kabla, punguza maji na uzoeshe jua. Ukipanda, zamisha shina hadi karibu na majani ya kwanza, sehemu iliyofukiwa inatoa mizizi. Nafasi kati ya mche na mche, sentimita 50 hadi 60. Najua utaona ni pengo kubwa. Mwezi wa tano utaona kwa nini.

Money Maker inapanda bila kukoma, itahitaji mti wa mita mbili na kuondolewa machipukizi yale ya kwapani kila wiki. Roma ni fupi, inazaa kwa mkupuo, iache na matawi yake.


Mwanakira, 8 Machi

Nimepandikiza juzi jioni. Kumi na minane kwenye matuta mapya. Sita zilibaki, nikaona huruma kuzitupa, nikazipeleka kwenye tuta la zamani la mashariki. DadaJinja nisamehe, nitasema matokeo kama yalivyo.

Ile kona ya saruji nimeichimba nikajaza upya. Matandazo nimetumia maganda ya kahawa, gunia tatu, yanapatikana kwenye kinu cha kahawa.

Chini ya fenesi pia pameisha. Nimeacha duara la udongo wazi mita moja na nusu kuzunguka shina, mizizi ipumue na isije kuinua pevingi. Mabenchi mawili ya mbao nimeyaweka nje ya duara hilo. Shangazi yangu alipokuja alicheka akaniambia nimefanya vyema bila kujua, kwa sababu fenesi huzaa kwenye shina na matawi makubwa, na tunda la kilo kumi au ishirini likidondoka hulitaki kichwani kwa mgeni.


KijanaArua, 9 Machi

Duara hilo nimelipenda. Kwetu mwembe ulijengewa zege hadi kwenye gome, miaka mitatu baadaye zege lote lilipasuka. Na mwembe ukaanza kukauka juu.


Mwanakira, 29 Machi

Leo naandika kwa uchungu.

Jana saa tisa alasiri mvua ilikuja kubwa. Nilisimama verandani nikafurahi, maji yanashuka kwenye pevingi kama nilivyopanga, yanaingia kwenye matuta, yanazunguka. Dakika ishirini. Halafu nikaona mto unatoka upande wa pili wa nyumba. Ni bomba la mfereji wa paa. Linamwaga moja kwa moja kwenye pevingi za kando, na maji hayo hayapiti kwenye matuta kabisa. Yanakimbia ukingoni hadi kwenye tundu la ukuta.

Nilikwenda kwa jirani mvua ilipopungua. Tuta zima la dodo limelala na matope juu, na miche ya nakati aliyokuwa ameiatika imesombwa. Hakupiga kelele. Alikuwa anaokota miche mmoja mmoja anaiweka kwenye beseni. Aliniambia tu, "Nyabo, zamani haya maji hayakuwa yanakuja." Nikamwomba radhi, tukaokota pamoja mpaka giza.

Mzee aliniambia mara mbili kuhusu paa. Nililisikia nikalipita.


MzeeBombo, 29 Machi

Umekwenda kwake kabla hajaja kwako, hilo ni kubwa. Sasa tengeneza, Aprili ndiyo inaingia.

Paa lako lina ukubwa gani?


Mwanakira, 29 Machi

Upande unaomwaga hapo ni kama mita 70 za mraba.


MzeeBombo, 30 Machi

Basi mvua ya milimita 30 ni lita 2,100 kutoka kwenye bomba moja. Nusu yake tu inakujazia tangi la lita 1,000. Weka tangi hapo, juu ya matofali, mdomo wake uwe na wavu mbu wasizae. Tangi likijaa, maji yanayomwagika yasirudi kwenye pevingi. Yapitishe kwenye bomba hadi kwenye shimo la kunyonya, mbali na msingi wa nyumba, mita tano kama nafasi ipo. Shimo la mita moja kila upande, kina mita moja na nusu, lijaze mawe makubwa chini na madogo juu. Na tundu la ukuta usilizibe kwa saruji ukadhani umemaliza. Maji yakikosa mlango yanaangusha ukuta, na ukuta utaangukia upande wake.

Kampala yote inateremka vilima namna hii. Wa juu wakisakafu, wa bondeni wanaogelea. Bwaise kule bondeni haikufurika kwa mvua ya Bwaise peke yake.


FundiWaChini, 30 Machi

Mzee amesema. Mimi niongeze kwa wenye bajeti: zipo pevingi zenye matundu, ndani unapanda paspalamu (nyasi za bustani). Sehemu ya kuegesha gari zinafaa sana, maji yanashuka hapo hapo.


Mwanakira, 13 Aprili

Tangi limesimama, lita 2,000, nimechukua kubwa. Shimo tumelichimba siku mbili na kijana mmoja. Mvua tatu zimepita tangu hapo, jirani anasema kwake kumekauka. Nimempelekea mbegu za dodo na gunia la udongo mweusi uliobaki.

Sasa nyanya. Zimefika kiunoni, nimezisimamishia miti ya mikaratusi. Lakini majani ya chini yana madoa ya kahawia yenye miviringo ndani ya miviringo, kama ukikata kitunguu. Pembeni yake njano. Muuzaji wa dawa pale Container Village anasema nipulizie mankozebu (dawa ya ukungu) kila siku tatu hadi nivune.


MamaKabale, 13 Aprili

Miviringo hiyo ni bakajani tangulia. Inaanzia majani ya chini kabisa, inapanda. Ile nyingine, bakajani chelewa, inakuja kama jani limemwagiwa maji ya moto, madoa makubwa ya kijivu yasiyo na mpaka, asubuhi chini ya jani kuna ukungu mweupe, na kwa baridi na mvua inamaliza shamba ndani ya wiki. Huku kwetu juu Kabale hiyo ya pili ndiyo adui, kwenye viazi na kwenye nyanya. Usizichanganye.

Yako inatulizika. Kata majani yote ya chini mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, yachome au yazike mbali. Matandazo yawe mazito, tone la mvua lisirushe udongo kwenye jani. Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi, kamwe usinyunyize juu. Punguza machipukizi upepo upite. Ukiona lazima upulize, puliza, lakini soma karatasi ya chupa: kipimo, na siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna. Kila siku tatu hadi kuvuna ni ushauri wa mtu anayeuza. Ndiyo maana nyanya za sokoni unaziona na unga mweupe. Wewe unalima za watoto wako, unayo sababu gani ya kula unga huo?

Nimesema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Nimeshuhudia vijana wakipulizia bila glavu wala kitambaa puani, kwa miaka, na roho inaniuma.


Mwanakira, 14 Aprili

Asante sana mama. Nimekata leo, ndoo mbili za majani. Zinaonekana uchi lakini hewa inapita.


Mwanakira, 4 Mei

Tuta la mashariki. Mmoja alinyauka Jumatatu mchana, usiku ukainuka, Jumanne ukalala kabisa. Leo ni wa tatu. Majani bado kijani, hakuna doa. Udongo una unyevu.


MpakaniMutukula, 4 Mei

Fanya kipimo hiki. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha tu iguse, usitikise. Subiri dakika tano. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria.


Mwanakira, 4 Mei

Umeshuka. Mweupe, mwembamba kama moshi. Nimesimama nautazama muda mrefu.


DadaJinja, 5 Mei

Pole mpenzi. Ng'oa yote sita pamoja na udongo ulioshika mizizi, weka kwenye mfuko, usitupe kwenye mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda kwenye matuta mapya. Maji ya tuta hilo yasiteremke kwenye mengine.

Ukitaka kulima nyanya tena kwenye udongo kama huo, kuna njia ya kubebesha. Makerere walitoa nyanya inayoitwa MT56 inayostahimili mnyauko huu. Shina la chini linakuwa MT56, juu unabebesha aina unayoipenda kula. Kazi yake inataka wembe safi na mkono mtulivu, na miche ikae kivulini kwenye unyevu siku kadhaa mpaka kidonda kifunge. Mimi nimejaribu, ya kwanza kumi yalikufa saba, ya pili yalikufa mawili.


KijanaArua, 5 Mei

Huu ndio ule unaoua migomba?


DadaJinja, 5 Mei

Hapana. Wa migomba ni bakteria mwingine, ulionekana Uganda mwaka 2001 kule Mukono, unaenezwa na wadudu kwenye ua la mgomba na kwa panga lisilosafishwa. Majina yanafanana tu. Usafi wa panga ndio unaofanana.


Mwanakira, 22 Mei

Zile kumi na nane zina matunda mengi. Lakini mvua zimekatika ghafla wiki mbili, na Roma tano zina kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi. Nimewekea chokaa kidogo.


MamaKabale, 22 Mei

Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu) wakati linakua, na mara nyingi kalisi ipo udongoni, kilichokosekana ni maji ya kuipeleka. Udongo ukilowa sana, ukakauka, ukalowa tena, kitako kinaoza. Baadaye mvua ikirudi kwa kishindo, zilizokaribia kuiva zinapasuka. Maji kidogo kila siku, kiasi kile kile. Una tangi, litumie. Zilizooza zitoe, zinazofuata zitakuwa nzima.


Mwanakira, 15 Juni

Narudi na habari njema.

Tangu tarehe 22 nimekuwa nikitoa jerikeni mbili kila asubuhi kutoka kwenye tangi, lita kama mbili kwa kila mmea, chini ya matandazo. Matunda yaliyofuata yote yana vitako vizima. Jana nimevuna beseni la pili lililojaa. Money Maker inaiva kidogo kidogo, Roma zimeiva pamoja, nimepika sosi nikaweka kwenye chupa.

Pevingi hazijazama popote, hata pale gari linapogeukia. KabroBweyogerere, mtindo wa mfupa umeshika. Mchanga wa katikati mvua ilipunguza kidogo, nimefagia mwingine.

Jioni tunakaa chini ya fenesi. Jirani alikuja Jumapili na rundo la nakati, akala wali na sosi ya nyanya, akataka kujua kwa nini zangu hazina unga mweupe. Tulizunguka naye matuta yote, kisha nikamwonyesha shimo la mawe. Sasa kiangazi cha Juni na Julai kimeanza, kwake maji ya bomba hayapo, analipa kijana wa jerikeni. Tumekubaliana nitoe bomba la pili kwenye tangi, lipite kwenye lile tundu la ukuta, achote maji ya matuta yake mpaka tangi liishe.

Mbegu za Money Maker ziko kwenye kikombe siku ya pili, zinachacha, kesho naziosha na kuzianika kwenye sahani. Kwa Agosti. Wenye mbegu chotara mjue watoto wake hawafanani na mama, hizo mnunue upya. Na tuta la mashariki limeota maharage.


FundiWaChini, 16 Juni

Dada, nina mteja Seeta anataka ukuta hadi ukuta. Naomba nimlete aone kwako kabla hajalipa.


Mwanakira, 16 Juni

Mlete siku ya mvua, kama itapatikana. Vinginevyo nitamwaga jerikeni.


MzeeBombo, 17 Juni

Bomba la jirani liweke juu kidogo ya sakafu ya tangi, si chini kabisa, asichote tope. Na koki iwe upande wake, asiwe anakuja kuomba. Mwisho wa mwezi nakuja Kampala hospitali, nitapita Kira. Niwekee nyanya nne za Money Maker zilizoiva mtini.